Kufunga SSD ndogo kwenye chumba kikubwa cha diski

Mashine zilikuwa 12, zote Dell OptiPlex 7010 za kusimama, zimepangwa kwenye meza ndefu za maabara ya shule moja ya sekondari. Zilikuja nchini zikiwa mtumba, kama zilivyo kompyuta nyingi za mezani tunazotumia huku. Prosesa Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8. Kwa kazi za shule hazina neno. Ila ukiziwasha asubuhi, mwalimu anakwenda kunywa chai, anarudi, na kile kitaa cha diski bado kinapepesa. Mkuu wa shule akakubali zinunuliwe SSD 12 za GB 240, zile diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani, nikaitwa nizifunge.

Nikafungua mashine ya kwanza, nikavuta ile trei ya plastiki ya buluu, nikaitoa hadi diski (hard disk) ya zamani na kuweka SSD mahali pake. Ikawa kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Mwalimu wa kompyuta akachungulia.

"Fundi, hapa hatujakosea saizi kweli?"

"Hamjakosea, mwalimu. Ndivyo zilivyo. Mgeni mdogo, chumba kikubwa."

Kwa hiyo kama umenunua SSD na umekuta inacheza ndani ya kasha, usiirudishe dukani. Soma kwanza.

Kwa nini haienei

Hadi diski ya kompyuta ya mezani inaitwa ya inchi 3.5, lakini ukiipima ina upana wa milimita 101.6, yaani inchi 4 kamili, na urefu wa karibu milimita 147. Jina limetoka kwenye zile flopi za zamani za inchi 3.5, diski ilitengenezwa ienee kwenye chumba kilekile cha mashine ya flopi, na jina likabaki. SSD ya inchi 2.5 imerithi umbo la diski za laptopu: upana milimita 69.85, urefu milimita 100, na unene siku hizi ni milimita 7. Upande mmoja tu wa chumba unabakiza nafasi ya kuingiza vidole viwili.

Ila kuna jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yote yanakuwa rahisi. Hadi diski ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika. Inatetemeka, inapata joto, na ikibwagwa inapoandika inakufa. Ndiyo maana ilishikiliwa kwa skrubu nne na raba. Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Ukiifunga kwa kulala, kusimama au kichwa chini, haijali. Ukiifunga kwa skrubu mbili badala ya nne, haijali pia. Kinachojali ni plagi yake. SSD ni nyepesi sana, na waya mgumu ukiivuta kila siku, ama plagi inalegea ama inavunjika. Kwa hiyo unapochagua namna ya kuifunga, jiulize swali moja: waya ukivutwa, plagi itabaki pale pale?

Kwanza angalia kasha, halafu ndiyo ununue breketi

Fungua kasha kabla hujatoa hela. Makasha mengi ya miaka ya karibuni yana trei zenye matundu manne sakafuni kwa ajili ya SSD. Mengine yana kibati nyuma ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ukiyakuta hayo huhitaji breketi, yaani kibebeo cha SSD, unahitaji skrubu tu. Kama huna uhakika na matundu, pima: kwenye tumbo la SSD matundu yamekaa milimita 61.7 kwa upana na milimita 76.6 kwa urefu. Matundu ya trei yakilingana na vipimo hivyo, umeokoa pesa.

Angalia pia umeme wa diski unatoka wapi. Kwenye 7010 unatoka kwenye pawasaplai, lile boksi la umeme ndani ya kasha, na huwa kuna kichwa cha ziada kinaning'inia. Zipo mashine za ofisini ambazo umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi kwa kebo yake maalumu, na kichwa ni kimoja tu. Hapo ukitaka kubaki na hadi diski ya zamani pamoja na SSD, lazima utafute kebo ya kugawa.

Kuchagua breketi

Breketi ni kibati au plastiki pana kama hadi diski, na SSD inakaa katikati yake. Ziko za SSD moja na za SSD mbili, ya pili ikikaa juu ya ya kwanza. Mimi napenda za chuma. Za plastiki nyembamba zinajikunja ukikaza skrubu, na mlio wa "trak" unaosikia mwishoni si wa skrubu.

Sasa, mtego. Trei ya buluu ya OptiPlex haina skrubu. Ina vipini vya chuma pembeni vinavyoingia kwenye matundu ya ubavuni mwa hadi diski. Unaipanua kidogo, unaingiza diski, unaiachia ibane. Maana yake breketi yako lazima iwe na matundu ubavuni, na yawe mahali pake. Kwenye hadi diski halisi, tundu la kwanza la ubavuni liko milimita 28.5 kutoka upande wa plagi, na la mwisho liko milimita 101.6 kutoka hilo la kwanza. Nyingi ya zile breketi tulizoagiza zilikuwa sawa, ila tatu zilitoka kwenye furushi jingine na matundu yake yalikuwa yamekaa kama yalivyotobolewa kwa kukisia. Vipini viwili vikaingia, viwili vikagoma. Muuzaji aliahidi kuzibadilisha. Hadi leo anaahidi. Tangu hapo natembea na rula.

Kuna breketi za aina nyingine, ghali zaidi, zinazosogeza plagi ya SSD ikae palepale ilipokuwa plagi ya hadi diski kubwa. Hizo ni za seva na makabati ya kuhifadhi data ambako trei inasukumwa mpaka diski inajichomeka yenyewe ukutani mwa kabati. Kwa mashine kama hiyo breketi ya kawaida haifai kabisa, kwa sababu SSD inakaa katikati na plagi haifiki kwenye tundu lake. Kwa kompyuta ya mezani ya kawaida unachomeka waya kwa mkono, basi usilipie kisichokuhusu.

Na kama hakuna breketi mjini kwenu? Nenda kwa fundi madirisha ya aluminiamu, umwombe kipande cha bati kilichobaki. Zile tatu zilizogoma tulizifanyia hivyo. Unakata mstatili wa upana usiozidi milimita 101, unatoboa matundu manne ya SSD kwa vipimo nilivyotaja juu kwa kutumia biti ya milimita 3.5, na unakunja pembeni au unatoboa kulingana na kasha lako. Tobolea nje ya chumba cha kompyuta, mbali. Unga wa aluminiamu ukidondokea kwenye mazabodi utakuja kuutafuta kwa tochi, na ukiwasha kabla hujauona, umekuona wewe kwanza. Piga tupa kingo zote, maana bati bichi linakata waya na vidole.

Utepe wa povu wa pande mbili nimewahi kuutumia. Unashika vizuri sana siku ya kwanza. Kwenye joto la pwani, miezi kadhaa baadaye nilifungua ile mashine nikakuta SSD inaning'inia kwenye nyaya zake kama popo. Ilikuwa bado inafanya kazi, lakini uzito wote uliangukia kwenye plagi, na nimeshasema plagi ndiyo mgonjwa wetu. Kama huna budi, tumia velkro ile ya viatu vya watoto, au vile vifungo vya plastiki vya kukazia nyaya, viwili kwa msalaba, ukibana SSD kwenye bati la kasha.

Skrubu: hapa ndipo SSD nyingi zinapoharibikia

Hadi diski ya inchi 3.5 inatumia skrubu za vipimo vya inchi, zinazoitwa 6-32: nene, meno yake ni mapana. SSD inatumia M3: nyembamba kidogo, meno madogo yaliyokaribiana. Ukizishika mbili pamoja kwenye mwanga utaona tofauti mara moja. Ukiwa na haraka, gizani chini ya meza, hutaiona. Mimi mwenyewe, zamani kidogo, nilikaza 6-32 kwenye SSD ya mteja. Iliingia nusu mzunguko, ikagoma, nikaongeza nguvu nikidhani ni rangi. Tundu likaliwa meno yote, na ganda la plastiki likapasuka kwa mstari mwembamba kama unywele. SSD ilipona, heshima haikupona.

Kanuni ni hii: skrubu ya M3 inaingia kwa vidole vitupu mizunguko miwili ya mwanzo. Isipoingia, si yake au umeipindisha. Itoe.

Urefu nao. Skrubu isiingie ndani ya SSD zaidi ya milimita 3. Ipitishe kwenye tundu la breketi bila SSD, uone inachungulia kiasi gani upande wa pili; ikichungulia zaidi ya hapo, iwekee washa (kile kipete cha chuma) au tafuta fupi. Ndefu inaweza kwenda kugusa bodi ya ndani. Kama pakiti imekuja bila skrubu, tafuta DVD iliyokufa: mashine za DVD za kompyuta zinafungwa kwa M3 vilevile. Pima tu urefu kabla.

Kufunga sasa

1. Hifadhi data muhimu kwingine. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

2. Fungua kasha, na gusa chuma chake tupu kabla ya kugusa chochote cha ndani. Ukiwa umevaa sweta la nailoni, livue. Rudia kugusa kila ukitoka ukirudi.

3. Piga picha ya nyaya kwa simu. Sekunde tano hizi zimeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichonacho.

4. Chomoa nyaya mbili za hadi diski: mwembamba wa data na mpana wa umeme. Kebo nyingi za data zina kibati cha kubonyeza. Kibonyeze ndipo uvute, tena vuta kichwa, usivute waya. Kwenye OptiPlex minya masikio mawili ya buluu kwa ndani, trei inateleza yenyewe. Kwenye HP Compaq Elite 8300 hakuna trei. Diski ina skrubu za mwongozo ubavuni zinazoteleza kwenye mifereji, kwa hiyo zihamishie kwenye breketi yako, na hizo ni za 6-32.

5. Weka SSD juu ya breketi, plagi ikitazama upande uleule ilikotazama ya zamani. Tia skrubu zote nne bila kukaza, nyoosha, halafu kaza kwa kuvuka kona kwa kona. Bisibisi ya nyota ndogo, nguvu ya vidole tu. Ikisimama, imetosha.

6. Rudisha breketi kwenye trei au chumbani. Itikise. Isilie.

Nyaya

Tazama kwa makini kichwa cha SATA cha SSD, yaani pale inapochomekwa waya wa data na wa umeme. Ndani yake kuna ulimi mwembamba wa plastiki wenye umbo la herufi L, na juu ya ulimi huo ndipo zilipo shaba: 7 za data, 15 za umeme. Ulimi huo ndio unaobeba kila kitu, na unene wake ni kama wa ukucha. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kazi alichomeka kebo ya data kwa kuitikisatikisa juu chini, kama mtu anayetafuta tundu la funguo gizani. Ulimi ukakatika, ukabaki ndani ya kebo. Shaba zikabaki wima hewani kama miiba ya samaki. SSD mpya, haijawashwa hata mara moja.

Kwa hiyo: linganisha L na L, sukuma moja kwa moja, na mkono wa pili uishike SSD kwa nyuma. Waya wa data uache upinde mpana, usiukunje kwa nguvu ili kifuniko kifunge. Kama nafasi ni finyu nunua kebo yenye kichwa cha pembe mraba. Angalia kichwa hicho kinaelekea juu au chini kabla ya kununua, ziko za aina zote mbili.

Upande wa mazabodi, usichomeke popote penye tundu. Kwenye 7010, chipseti yake ya Q77 (chipu kuu ya mazabodi) ina milango miwili tu ya SATA ya gigabiti 6 kwa sekunde, namba 0 na 1; iliyobaki ni ya gigabiti 3. Imeandikwa pembeni: SATA0, SATA1. SSD ikae kwenye 0. Ukiichomeka kwenye mlango wa gigabiti 3 bado utaona tofauti kubwa na hadi diski, ila ile kasi ya megabaiti 500 na ushee iliyoandikwa kwenye boksi hutaiona. Itaishia kwenye 280 hivi.

Neno moja kuhusu umeme. Ukikosa kichwa cha SATA utauziwa kebo ya kubadilisha kutoka Molex, ile plagi nyeupe ya zamani yenye pini nne. Ziepuke zile ambazo nyaya zimezamishwa ndani ya plastiki iliyoyeyushwa kama pipi. Ndani humo nyaya zinaweza kugusana, na zinajulikana kwa kushika moto. Chukua zile ambazo unaona kila waya umebanwa kwenye pini yake na kifuniko kinafunguka.

Kuwasha na kuhamisha Windows

Acha kifuniko wazi, washa, bonyeza F2 kwenye Dell uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla ya Windows. SSD itajwe jina kwenye orodha ya diski. Isipoonekana, zima, chomoa umeme, kandamiza vichwa vyote viwili upya. Mara nyingi ni kichwa cha data hakijaingia hadi mwisho.

Kwenye BIOS hiyohiyo kuna mpangilio wa SATA. OptiPlex nyingi zimekuja zimewekwa "RAID On". Kama unaweka Windows upya, badilisha iwe AHCI, namna nyingine ya mashine kuongea na diski, sasa hivi. Kama umenakili Windows ya zamani kuja kwenye SSD, usiguse; ukibadilisha ghafla itawaka na skrini ya buluu.

Kunakili, tumia kebo ya USB kwenda SATA kabla hujafunga SSD chumbani. SSD inaridhika na volti 5 za USB. Hadi diski kubwa inataka na volti 12, hivyo usishangae kebo hiyohiyo ikishindwa kuiamsha. Ukitumia Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ujue haipendi kuhamisha kutoka diski kubwa kwenda ndogo. Punguza kwanza patishini (vigawanyo vya diski) ndani ya Windows, kisha tumia chaguo lake la wazoefu la kutokagua ukubwa wa diski. Pale shuleni sikuhangaika na hilo. Niliweka Windows upya kwenye mashine moja, nikaweka programu zote za mwalimu, nikachukua taswira yake, yaani nakala kamili ya diski, kwa Clonezilla na kuimwaga kwenye nyingine 11. SSD zote zilikuwa modeli moja, hakuna iliyogoma.

Mwisho fungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski. Kwenye mstari wa hali ya uhamishaji unataka kuona SATA/600 pande zote mbili. Ukiona SATA/300 upande mmoja, rudi kwenye mlango wa mazabodi. Kama SSD uliinunua kwa bei iliyokufurahisha kupita kiasi, ijaze kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, kabla hujaiwekea kitu cha maana, kwa sababu ziko zinazojitangaza ukubwa ambao hazina. Halafu andika kwenye dirisha la amri la msimamizi `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, TRIM, ile amri ya Windows inayoiambia SSD ni data ipi imeshafutwa, inafanya kazi na huna haja ya kugusa kitu.

Hadi diski ya zamani, kama ni nzima, irudishe kwenye chumba cha pili na uitumie kwa mafaili. 7010 ya kusimama ina vyumba viwili vya inchi 3.5.

Skrubu zilizobaki, za M3 na za 6-32, zitenge kwenye vifuko viwili, andika kwa kalamu ipi ni ipi, na uvibandike kwa selotepu ndani ya kifuniko cha kasha. Fundi atakayefungua mashine hiyo baada ya miaka mitatu huenda akawa wewe.